Kisanduku cha kupimia tope la mikoko, kilivyojaribiwa kwenye potopoto ya Bukavu

Kisanduku hiki kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa pwani, na hilo linaonekana hata kabla hujakifungua. Picha iliyobandikwa juu ya kifuniko ni ya mizizi ya mkoko iliyosimama wazi kwenye tope, na kijitabu kilichomo ndani kinaanza kwa kumwagiza msomaji asubiri siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakishapwa kabisa, ndipo aingie matopeni na viatu vya mpira. Mimi nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, ambako maji ya ziwa hayapwi wala hayajai, na ilinibidi nitumie robo ya kipindi kueleza neno bamvua kwa wanafunzi ambao hawajawahi kuiona bahari. Nakiandikia tathmini kwa sababu walimu wenzangu watatu wameshaniuliza kama kinafaa kununuliwa. Jibu langu ni kwamba kinafaa, ila kina upungufu mmoja ambao usipoujua utafundisha kinyume cha ukweli huku vipimo vyako vyote vikiwa sahihi.

Niliuziwa kwa dola 70, baada ya kuanzia 85, katika duka moja la vifaa vya shule huku Ibanda. Ndani mna karatasi 50 za kupimia nitrati na nitriti (michanganyiko miwili ya naitrojeni na oksijeni), matone ya kupimia oksijeni, karatasi 20 zilizotiwa asetati ya risasi (kemikali ya madini ya risasi) kwa ajili ya kutambua hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, kipimajoto chenye waya mrefu, mirija minne minene ya kioo yenye vifuniko vya mpira, mkanda wa kupasha joto unaotumia volti 12, vifuko vya nitrati ya kalsiamu na kijitabu cha kurasa 40. Mrija mmoja ulikuwa umepasuka. Nilipourudisha, muuzaji aliutazama, akautikisa kidogo karibu na sikio, akaniambia kwa upole kabisa: «Papa mwalimu, hiyo si sisi, ni barabara.» Hakunirudishia kitu. Nafasi ya mrija huo ilichukuliwa na chupa ya jamu, na kusema kweli chupa hiyo imefanya kazi vizuri kuliko mirija yenyewe, kwa kuwa mdomo wake ni mpana na tope haliling'ang'anii.

Wanafunzi waliniuliza swali la haki: tuna habari gani na mikoko sisi, wakati mikoko ya nchi yetu iko Muanda kwenye pwani ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 1,800 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka? Niliwajibu kwa ramani. Ziwa Kivu hutoa maji yake hapa hapa Bukavu kupitia Ruzizi, Ruzizi huyafikisha Tanganyika, Tanganyika hupata mlango wake Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga huingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Mto Kongo unaokutana na bahari kati ya mikoko ambayo serikali iliitangaza kuwa hifadhi mwaka 1992 na ambayo iliingia katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 1996. Sitaki mtu adhani kwamba maji ya sabuni yanayomwagwa Kadutu, hapa mjini, leo yatafika Muanda mwezi ujao. Tanganyika hushikilia maji kwa mamia ya miaka, na sehemu kubwa hupaa kwa jua kabla ya kufika Kalemie. Hata hivyo, bakteria wanaokula uchafu wetu mahali kijito kinapoingia ziwani wanafanya kazi ileile inayofanywa na wale wa kwenye mikoko, na tofauti iliyopo kati yao, kama nitakavyoeleza, inafundisha kuliko mfanano.

Kijitabu kinaeleza vizuri kwa nini tope la mikoko lina thamani. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 kuhusu misitu ya mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki vilipata wastani wa tani zipatazo 1,000 za kaboni kwa kila hekta, nyingi zikiwa zimezikwa udongoni na si kwenye miti inayoonekana. Kaboni hiyo hukaa kwa sababu katika tope lililojaa maji oksijeni huisha ndani ya milimita chache za juu. Chini ya hapo, bakteria wanaotafuna majani na mizizi iliyokufa hulazimika kupumua kwa vitu vingine, na vitu hivyo vina zamu zake: hutangulia nitrati, hufuata manganizi na chuma, kisha salfati, na vyote vikiisha, arkea (viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria) wanaotengeneza gesi ya methani ndio hubaki na kazi. Ukibadilisha joto, au ukimwaga nitrati kutoka mashambani na vyooni, unavuruga zamu hizo. Ndilo jambo ambalo kisanduku kinadai kulionyesha.

Nianze na kipimo kilichotutia aibu. Tulichukua maji ya juu ya ziwa asubuhi moja yenye utulivu, nyuzi 20 za Selsiasi, maji safi kiasi cha kuona kokoto chini, tukapima oksijeni kwa matone. Tulipata miligramu 7.5 kwa lita. Jedwali la kijitabu linasema maji ya joto hilo yanapaswa kubeba miligramu 9.1, na chini ya 8 msomaji anaambiwa ashuku uchafuzi. Wanafunzi wakaanza kumtafuta mchafuzi. Walikuwa wameshamtaja mwenye hoteli, mwenye kiwanda na hata wavuvi wa sambaza, nilipokumbuka kwamba jedwali lile lilihesabiwa kwa usawa wa bahari. Ziwa letu liko takriban mita 1,460 juu ya bahari, kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 16, na maji yaliyoshiba kabisa hapa hayawezi kuzidi miligramu 7.6 hivi katika joto hilo. Maji yetu hayakuwa na kosa lolote. Kijitabu hakina hata mstari mmoja kuhusu mwinuko, na kwa kifaa kinachouzwa Bukavu hilo ni kosa la kumpoteza mwanafunzi.

Lakini kosa hilo lilinipa somo ambalo sikulipanga. Miligramu 7.6 ndicho kiasi kilekile ambacho maji baridi yasiyo na chumvi hubeba kwa nyuzi 30 pale usawa wa bahari, na maji ya chumvi hubeba kidogo zaidi ya 6 tu. Kwa hiyo niliweza kuwaambia kwamba tope la mikoko huanza siku likiwa na akiba ndogo ya oksijeni juu yake, na kila joto linapopanda mambo mawili hutokea kwa pamoja: akiba hupungua, na walaji huongeza kasi. Kwa bakteria wa tope, kasi hiyo kwa kawaida huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10. Tabaka lenye oksijeni, ambalo tangu mwanzo lilikuwa la milimita chache, huzidi kuwa jembamba.

Sasa nitrati, ambayo ndiyo sehemu iliyo bora zaidi ya kisanduku hiki. Tulichota potopoto mahali kijito kinachoshuka kutoka mitaa ya juu kinapoingia ziwani, penye majani ya migomba, mifuko ya plastiki na harufu ambayo sitaieleza. Mama mmoja aliyekuwa akifua alituuliza kama tumepoteza simu. Tulijaza mirija mitatu na ile chupa ya jamu, nusu tope na nusu maji ya ziwa. Viwili tuliviacha kwenye joto la darasa, ambalo ni nyuzi 21 hivi, na viwili tukavifungia mkanda na kuviweka nyuzi 30 kwa betri ya sola, maana kutegemea umeme wa ukutani kwa wiki nzima ni kujitafutia huzuni. Katika kila jozi, kimoja kilitiwa nitrati ya kalsiamu hadi karatasi ikaonyesha miligramu 50 kwa lita, na kingine hakikutiwa kitu.

Karatasi hizi huchovywa sekunde moja, husubiriwa sekunde 60, kisha hulinganishwa na rangi za kopo. Siku ya kwanza rangi ilikuwa ya zambarau iliyokolea, kama juisi ya matunda damu, katika vyombo vyote viwili vyenye nitrati. Siku ya tatu asubuhi, kile chenye joto kilitoa waridi hafifu, na jioni yake karatasi ilibaki nyeupe. Kile cha joto la darasa kilifika weupe huo siku ya sita. Katikati ya safari, kile kisanduku kidogo cha nitriti kilichoko kwenye karatasi hiyohiyo kiligeuka waridi kisha kikarudi weupe, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano akaeleza mwenyewe, bila mimi kumsaidia, kwamba bakteria hawaruki ngazi: kwanza hupunguza nitrati kuwa nitriti, ndipo waendelee. Sijawahi kuona kifaa cha dola 70 kinachomwonyesha mtoto pumzi ya bakteria kwa uwazi kiasi hicho. Karatasi zinasomeka, kipimajoto hakikupotoka zaidi ya nusu nyuzi nilipokilinganisha na cha maabara, na mkanda ulishikilia joto wiki nzima.

Chombo chenye joto kisichotiwa nitrati ndicho kilichotangulia kutoa mapovu. Kijitabu hakisemi lolote kuhusu mapovu hayo, kwa kuwa pwani hayatarajiwi kwa wingi, lakini mtoto wa Bukavu hahitaji kuelezwa sana: ziwa letu limebeba takriban kilomita za ujazo 60 za methani katika maji yake ya chini, na arkea wa aina hii ndio waliotengeneza sehemu kubwa ya gesi hiyo. Kwa nini sisi tuna methani na mikoko ina harufu ya mayai yaliyooza? Hapo ndipo karatasi za risasi zilipokuja kutusaidia, baada ya kutukatisha tamaa kwanza.

Kijitabu kinaahidi kwamba karatasi hiyo ikining'inizwa juu ya tope itakuwa nyeusi ndani ya saa moja. Yetu ilikaa siku mbili ikapata rangi ya chai ya maziwa pembeni. Mwenzangu mmoja alikwisha hitimisha kwamba tumeuziwa karatasi za bandia. Ukweli ni kwamba maji ya bahari hubeba karibu gramu 2.7 za salfati kwa kila lita, ilhali maji ya juu ya Ziwa Kivu yana sehemu ndogo mno ya kiasi hicho, na bakteria wanaopumua kwa salfati hawawezi kutengeneza hidrojeni salfaidi kutoka kwa kitu ambacho hawana. Basi tulinunua kwenye duka la dawa salfati ya magnesiamu, ile ambayo wagonjwa hupewa kulainisha tumbo, tukaitia katika tope jipya, tukasubiri. Siku ya tano karatasi ilikuwa kahawia iliyokolea, ya saba ikawa nyeusi yenye kung'aa kama masizi ya sufuria, na darasa zima likafungua madirisha. Nashauri mtengenezaji aweke kifuko cha salfati ndani ya kisanduku kwa ajili ya wateja wa maziwa makuu. Kinagharimu senti chache.

Nafika kwenye upungufu niliousema mwanzoni. Kijitabu kina jedwali la kujaza, na safu yake ya mwisho imeandikwa «naitrojeni iliyoondolewa». Mwanafunzi anatakiwa atoe nitrati ya siku ya mwisho kutoka kwa ile ya siku ya kwanza, aandike tofauti, kisha asome ukurasa wa pili unaoita mikoko chujio la maji machafu ya miji. Kwa hesabu hiyo, chombo chetu chenye joto kilikuwa chujio la ajabu: kilisafisha maji kwa nusu ya muda. Mtu anaweza kutoka hapo akiamini kwamba ongezeko la joto ni neema kwa mikoko.

Nitrati kutoweka kwenye maji si sawa na naitrojeni kuondoka. Ina njia zaidi ya moja, na karatasi nyeupe hazitofautishi. Njia nzuri ni bakteria kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa hewani, ambayo haimdhuru mtu. Wakikatiza kazi njiani, hutoka oksidi ya nitrasi, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 273 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Na iko njia ya tatu, ambayo kijitabu hakiitaji kabisa: bakteria wengine hupeleka nitrati hadi kwenye amonia, na amonia hubaki palepale matopeni, tayari kulisha mwani na kuanza mzunguko upya. Njia hii ya tatu hupata nguvu hasa mahali penye mabaki mengi ya mimea na hidrojeni salfaidi nyingi, yaani mahali panapofanana kabisa na tope la mikoko. Isitoshe, bakteria na arkea wanaoirudisha amonia kuwa nitrati wanahitaji oksijeni, na hidrojeni salfaidi huwadhoofisha, kwa hiyo joto linalomaliza oksijeni linawafungia mlango na amonia inazidi kulundikana.

Kisanduku hakina kipimo cha amonia. Siwezi kuliita hilo pengo dogo, kwa sababu swali zima la uchafuzi wa virutubisho kwenye mikoko limesimama hapo: je, tope linatuondolea naitrojeni, au linaibadilisha jina na kuitunza? Wala si tope peke yake linalobadilika. Bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani na kuilisha miti hupunguza kazi hiyo mahali penye mbolea nyingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mikoko iliyoongezewa virutubisho hukuza matawi kuliko mizizi, kisha hufa kwa wingi zaidi ukame unapokuja. Kijitabu kinachotumia kurasa tatu kueleza namna ya kuosha mirija kingeweza kutenga aya moja kwa haya.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Kijitabu kipo kwa Kifaransa na Kiingereza tu, nami nimekitafsiri kwa Kiswahili kwenye kaye yangu, yaani daftari, ambayo mwalimu yeyote anaweza kuja kuinakili. Kopo la karatasi za nitrati likifunguliwa wakati wa mvua lifungwe mara moja, kwa kuwa karatasi saba za juu ziliharibika kwa unyevunyevu tulipolisahau wazi usiku mmoja. Kuhusu karatasi za risasi nasema kwa ukali zaidi: risasi ni sumu, watoto hawapaswi kuzishika kwa vidole vitupu wala kuzitupa ovyo, na onyo pekee lililomo limechapishwa kwa herufi ndogo chini ya kopo. Mimi nazishika mwenyewe kwa koleo na kuzihifadhi zilizotumika ndani ya chupa iliyofungwa.

Kwa shule yenye darasa la kemia na biolojia, dola 70 zinalipa, mradi uongeze kipimo cha amonia cha wafugaji wa samaki wa mapambo na salfati kutoka duka la dawa. Mtu binafsi anayetaka kujua kama maji yake ya kunywa ni salama asikinunue, kwani hakipimi vijidudu vya magonjwa hata kimoja.

Kipimo cha amonia niliagiza kwa shemeji yangu aliyekuwa akirudi kutoka Kigali, matone ambayo hubadili maji kutoka manjano kuwa kijani. Tulirudia jaribio kwa vyombo vitatu, vyote vikiwa na nyuzi 30: cha kwanza tope na nitrati, cha pili tope, nitrati na salfati, cha tatu tope na salfati bila nitrati, ili tujue ni amonia kiasi gani inayotokana na kuoza kwa majani peke yake. Siku ya nane nitrati ilikuwa sifuri katika vyote. Matone yalipoingia, cha kwanza na cha tatu vilitoa kijani cha majani machanga, na cha pili kikatoa kijani kizito cha majani ya mparachichi. Jaribio moja la darasa halithibitishi jambo, na nimewaambia hivyo. Msichana aliyekuwa akijaza jedwali aliandika sifuri, akatazama mrija wa kijani, akachukua rula na kuifuta kwa mstari mmoja ile safu ya «iliyoondolewa», kisha akaniuliza safu mpya tuipe jina gani.